Laptopu haina sauti kwenye Linux: usikubali kuwekewa kerneli ovyo

SWALI: Fundi, hujambo? Nina laptopu ya mwaka 2023 yenye prosesa ya Intel, na nimeiwekea Linux ya Ubuntu 22.04. Kwenye mipangilio ya sauti naona "Dummy Output" tu. Spika kimya, maikrofoni pia. Kijana mmoja karibu na Luthuli Avenue, Nairobi, anataka shilingi 2,000 aniwekee kerneli mpya kabisa, lakini ati lazima kwanza azime Secure Boot, ule ulinzi unaozuia kompyuta kuwaka na mfumo usio na saini inayoaminika. Nikubali? – Mwanafunzi, Kahawa Wendani

JIBU: Usikubali. Huenda kweli unahitaji kerneli mpya, yaani kiini cha Linux kinachoendesha vifaa vya mashine, ila si hiyo yake.

Ubuntu 22.04 ilikuja na kerneli 5.15, iliyotoka Oktoba 2021, kabla mashine yako haijaundwa. Laptopu nyingi za Intel za siku hizi hupitisha sauti kwenye prosesa ndogo yenye programu dhibiti yake, Sound Open Firmware, au SOF. Draiva, yaani programu inayowasiliana na kifaa, imo ndani ya kerneli; programu dhibiti ni faili lililo kando, chini ya /lib/firmware. Kimoja kikikosekana, hupati sauti.

Hapo ndipo watu wanaponichosha. Wanadhani namba kubwa ya kerneli inatibu kila kitu. Hawasomi hata mstari mmoja wa kumbukumbu za mfumo! Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, uandike sudo dmesg | grep -i sof. Ukiambiwa faili la SOF halikupatikana, kosa namba -2, basi kerneli peke yake haitakusaidia: sasisha kifurushi cha linux-firmware kwanza. (Kwenye Debian kinaitwa firmware-sof-signed.) Usipoona kosa hilo, andika:

sudo apt install linux-generic-hwe-22.04

Utapata kerneli 6.8 iliyotiwa saini na Canonical, kampuni inayotengeneza Ubuntu, inayopokea masasisho ya usalama, na Secure Boot inabaki imewashwa. Ile ya zamani haifutwi. Mpya ikikataa, chagua hiyo ya zamani kwenye menyu ya GRUB wakati wa kuwasha.

Anayekuambia uzime Secure Boot huenda anataka kukuwekea kerneli za majaribio. Ubuntu wenyewe wanasema hizo ni za kupimia hitilafu, si za kazi ya kila siku. Hazina saini, na masasisho ya kawaida hayazigusi. Siku tundu la usalama litakapotangazwa, wewe utabaki nalo na fundi hapokei simu. Draiva za ziada, kama za kadi za picha za NVIDIA, nazo zinaweza kugoma kujengeka juu yake.

Kuna njia ya mkato nyingine ninayoirekebisha kila mara: kuongeza dsp_driver=1 kwenye mipangilio ya snd_intel_dspcfg, sehemu ya kerneli inayochagua draiva ya sauti. Spika zinalia, mteja anafurahi, analipa. Jioni anaingia darasa la mtandaoni, anamsikia mwalimu vizuri, lakini yeye hasikiki. Maikrofoni ya ndani imeunganishwa kwenye ile prosesa ndogo, na draiva ya zamani aliyolazimishiwa haiifikii. Wengine wameambiwa maikrofoni imeungua, wakauziwa ya nje.

Kwa hiyo ikiwa kijana huyo ameshaigusa mashine yako, tafuta dsp_driver ndani ya /etc/modprobe.d na /etc/default/grub. Ukiikuta, iondoe, endesha sudo update-initramfs -u na sudo update-grub, uwashe upya, ndipo uanze na ile amri ya dmesg.