Mnaoanza kuisoma Qin, acheni kwanza sanamu za udongo

Wengi wenu mmevutwa na lile jeshi la udongo la kaburi la kaizari wa Qin, huko China, ambalo wakulima waliokuwa wakichimba kisima walilikuta mwaka 1974. Hata mimi lilinivuta. Shida ni kwamba ukianzia kaburini unaikuta Qin imekwishafika kileleni, na hujui ilipandaje.

Anzeni na kipimo cha nafaka. Kiko Makumbusho ya Shanghai, cha shaba nyeusi, kinabeba mililita 200 hivi, yaani hakifiki kibaba. Kina maandishi ya mwaka 344 KK, ya Shang Yang, waziri wa Qin. Kitakoni imeongezwa amri ya mwaka 221 KK, ya mfalme aliyezimeza nchi sita za jirani akajiita Kaizari wa Kwanza. Miaka 123 imepita kati ya maandishi hayo mawili, na ujazo ni ule ule.

Shang Yang msimruke. Qin ilikuwa nchi ya magharibi, kwenye bonde la mto Wei, na wenzao wa mashariki waliwaona washamba. Yeye mwenyewe alikuwa mgeni pale. Kuanzia 356 KK alizifunga kaya tano tano na kumi kumi, mmoja akikosa wote waulizwe. Ndugu wa mtawala asiye na sifa ya vita alinyimwa cheo. Mkulima aliyerudi na kichwa cha adui alipanda daraja. Mtawala aliyemlinda alipofariki mwaka 338 KK, mahasimu wakamwua Shang Yang, na mwili wake ukararuliwa kwa magari ya farasi. Sheria zake hawakuzigusa. Kwangu mimi Qin ilishinda siku hiyo, kabla ya vita vyote vikubwa.

Jambo dogo la majina, lakini limeniumiza. Kuna nchi ya Han iliyotekwa na Qin mwaka 230 KK, na kuna nasaba ya Han iliyokuja baada ya Qin. Kwa Kichina herufi ni tofauti na toni ni tofauti. Kwa herufi zetu ni neno moja. Katika insha yangu ya kwanza niliifufua ile iliyotekwa na kuipa kiti cha ukaizari. Tangu hapo naandika herufi ya Kichina pembeni ya kila jina, ingawa mwandiko wangu hausomeki.

Sasa anguko. Mwanahistoria Sima Qian, aliyeandika miaka mia hivi baadaye akiwa mtumishi wa nasaba ya Han, anasimulia kwamba mwaka 209 KK watu 900 walikuwa wakipelekwa kulinda mpaka huko Yuyang, mvua ikawakwamisha njiani, mahali paitwapo Dazexiang. Adhabu ya kuchelewa ilikuwa kifo. Wawili kati yao, Chen Sheng na Wu Guang, wakaona ukienda unakufa, ukiasi unakufa, basi heri kuasi.

Mwaka 1975, huko Shuihudi mkoani Hubei, likafukuliwa kaburi la ofisa mdogo wa Qin lenye vipande zaidi ya 1,000 vya mianzi vilivyoandikwa sheria. Aliyechelewa shokoa, yaani kazi ya lazima ya serikali, siku tatu hadi tano hukaripiwa. Siku sita hadi kumi, faini ya ngao moja. Zaidi ya hapo, deraya moja, yaani vazi la vita. Mvua ikinyesha, wito unafutwa!

Nilipoisoma mara ya kwanza nilitangaza darasani kwamba Sima Qian ni mwongo. Haraka yangu. Sheria ile ni ya kazi za shokoa, na wale 900 walikuwa wanakwenda lindo. Tena kaizari wa pili, mwana wa yule wa kwanza, huenda alikaza kamba. Msiseme zaidi ya kilichoandikwa kwenye mwanzi.

Mimi lawama kubwa naiweka kwenye urithi. Kaizari wa Kwanza alifia safarini mwaka 210 KK. Towashi Zhao Gao na waziri mkuu Li Si wakaficha kifo, wakaghushi wosia, na Fusu, mtoto mkubwa, akajiua kwa amri ya uongo. Kufika 206 KK Qin imejisalimisha kwa Liu Bang, kiongozi wa waasi aliyekuja kuanzisha nasaba ya Han. Miaka 15 tu tangu ile amri ya 221 KK.

Mkimaliza Shuihudi, chukueni sheria zilizofukuliwa Zhangjiashan, za mwaka 186 KK. Hizo ni za nasaba ya Han, ya huyo huyo Liu Bang. Zisomeni sambamba, kifungu kwa kifungu, na mhesabu vinavyofanana.