Plastiki inaonaje jamani?

SWALI: Nimeskia eti kuna plastiki inaona mwanga alafu inakumbuka kama ubongo. Ni kweli au mnatupiga fix?

JIBU: Kweli kabisa ndugu msomaji, ila sio plastiki ya ndoo. Hizi plastiki zinapitisha umeme, na wanasayansi Heeger, MacDiarmid na Shirakawa walipewa Nobel ya kemia mwaka 2000 kwa kazi hiyo. Sasa cheki: ukiimulika mara moja mkondo wa umeme unapanda alafu unashuka polepole, haukati ghafla, ukiimulika tena kabla haujaisha unapanda zaidi ya mwanzo, yaani ule mwanga wa kwanza bado "inaukumbuka", na ndo hivyo hivyo maungio ya neva yanavyokomaa ukirudia rudia jambo. Kamera ya kawaida inabeba kila kitu inapeleka kwa prosesa (chipu inayochakata data), umeme unaliwa bure tu, wakati jicho lako lina seli za mwanga zaidi ya milioni 100 ila nyuzi za kwenda kwenye ubongo ni kama milioni 1, kwahiyo kuchuja kunaanzia humo humo jichoni. Hapo ndo watafiti wanapolenga, plastiki ichuje yenyewe kama jicho. Kusema "inaona" mi naona wanaikuza kidogo, bado iko maabara na nyingine zinaharibika haraka zikipata hewa na unyevu.