Maswali ya Wasomaji: Historia ya Mikopo Bila Kadi

Swali: Ndugu Mhariri, sijawahi kukopa popote, wala sitaki kadi ya mkopo, kwa kuwa najijua: fedha iliyo karibu na mkono wangu haikai. Kodi ya nyumba na ankara zote nazilipa kabla ya tarehe. Hata hivyo, nilipoomba mkopo wa kununulia gari nilikataliwa kwa maelezo kwamba sina historia. Inakuwaje mtu asiyedaiwa na yeyote aogopwe na wakopeshaji, na nifanye nini bila kadi?

Jibu: Ndugu msomaji, uamuzi wako wa kuiepuka kadi ni wa busara kwa mtu anayejijua hivyo, na usikubali kushawishiwa vinginevyo. Aliyekunyima mkopo hakukuona kuwa mdaiwa mbaya. Alikosa cha kusoma. Taasisi zinazotunza kumbukumbu za mikopo, kama vile Equifax, Experian na TransUnion, hazikupimi kwa mshahara wako wala kwa akiba uliyonayo, bali hutegemea taarifa zinazopelekewa na wakopeshaji na watoa huduma. Mwenye nyumba anaweza kupokea kodi yako kwa wakati kwa miaka 10, lakini asipoiripoti, uaminifu huo wote hauonekani popote. Naliona jambo hili kuwa si haki kwa watu waangalifu, lakini ndivyo mfumo unavyofanya kazi, na ni heri kuujua kuliko kuendelea kulipa ukidhani kuna anayeandika.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kusaini chochote uliza: je, mnapeleka taarifa za marejesho, mnazipeleka kwa nani, na mnapeleka yote au yaliyochelewa pekee? Sehemu hiyo ya mwisho isikupite, maana wako watoa huduma ambao hawaripoti lolote mpaka deni lishindikane, na kwao utaandikwa kwa ubaya tu. Mwenye nyumba naye anaweza kuombwa ajiunge na huduma ya kuripoti kodi, pale ilipo.

Kwa hali yako, ningeanza na mkopo mdogo wa kujenga historia, ambao hutolewa na baadhi ya benki na vyama vya akiba na mikopo. Hukabidhiwi fedha mwanzoni. Huwekwa katika akaunti iliyofungwa, nawe unalipa kila mwezi hadi umalize, ndipo unapopewa. Kwa mtu ambaye fedha haikai mkononi mwake, naona hakuna mpango unaomfaa zaidi, kwa kuwa huko mwisho anajikuta na akiba pia. Soma vizuri kiwango cha riba na ada, kwa sababu hiyo ndiyo gharama halisi ya zoezi hili, na usiharakishe kuumaliza mkopo kabla ya muda wake, kwani kinachotafutwa ni ile miezi ya malipo yaliyoandikwa.

Subira inahitajika. Katika mfumo wa alama wa FICO, yaani alama ambazo wakopeshaji hutumia kupima uaminifu wa mkopaji, ulioanza kutumika Marekani mwaka 1989 na ambao alama zake za kawaida huanzia 300 hadi 850, mtu hapati alama kabla ya kuwa na akaunti ya mkopo yenye umri wa angalau miezi 6. Asilimia 35 ya alama hizo hutokana na historia ya malipo, na kwa utaratibu wa nchi hiyo rejesho lililochelewa siku 30 au zaidi huweza kubaki katika kumbukumbu kwa miaka 7. Chagua basi kiasi ambacho hata mwezi mgumu hautakishinda.

Swali: Mdogo wangu ameniomba nisaini naye mkopo, akisema kwamba nami nitajijengea jina. Je, ni kweli?

Jibu: Ni kweli ikiwa mkopo utaandikwa kwa majina yenu nyote na mdogo wako akalipa bila kukosa. Lakini akichelewa, ucheleweshaji huo utaingia katika kumbukumbu zako kana kwamba ni wewe uliyekosa, na huenda ukawa wa mwisho kuambiwa. Nisingekushauri usaini kwa ajili ya kujijengea historia. Ukiamua kumsaidia kwa sababu ni ndugu yako, omba kwa maandishi uwe unapewa taarifa ya kila rejesho, na uwe na fedha ya kulipa walau marejesho mawili mwenyewe.