Kiuno chako na kitanda cha mgonjwa

Mwanangu,

Umeniuliza mbona kiuno kinakuuma kila ukitoka zamu ya kuuguza wodini, ilhali unakunja magoti na kunyoosha mgongo kama mlivyofundishwa. Fundisho lile ni la kubeba boksi. Mgonjwa hana pa kushika, ana dripu, na anaweza kulegea ghafla. Tena kitanda kinakuzuia kumsogelea, na kadiri mzigo unavyokaa mbali na kifua ndivyo pingili za chini za mgongo zinavyobanwa. Magoti hayaokoi kitu hapo.

Mwaka 2007 Thomas Waters wa NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, alipendekeza kikomo cha kumnyanyua mgonjwa kwa mikono: kilo 16 hivi, na hiyo ni pale hali ikiwa nzuri. Mguu mmoja wa mtu wa kilo 70 una kilo 11 hivi. Ukiushikilia kwa mkono mmoja huku unafunga bandeji kwa mwingine, umeinama na kujipinda, mgongo unaumia bila kumbeba mtu.

Kwa hiyo telezesha, usinyanyue. Kumsogeza juu, kuelekea mtoni, mgonjwa aliyeteleza chini kitandani, muwe wawili, kila mmoja upande wake. Funga breki, pandisha kitanda hadi usawa wa nyonga, laza sehemu ya kichwa kama hali yake inaruhusu. Mgeuzeni ubavu, ingizeni chini yake shuka la kutelezea, lile la kitambaa chenye utelezi, lililokunjwa nusu, mgeuzeni upande wa pili mlivute. Akiweza, akunje magoti na kukanyaga godoro. Shikeni shuka karibu kabisa na bega na nyonga yake, mguu mmoja mbele kuelekea kichwani. Kwa hesabu ya tatu hamisheni uzito wa mwili kutoka mguu wa nyuma kwenda wa mbele. Mikono ishike tu. Kisha toeni shuka hilo, la sivyo atateleza tena.

Kumkokota kwa makwapa acheni: bega lake linaumia, na lako pia. Mkanda wa kiuno nao usinunue, haujathibitika kuzuia maumivu.

Maumivu ya kawaida usiyalalie, endelea kutembea. Ila ganzi ikishika sehemu za siri, mkojo ukigoma au ukivuja, au mguu ukiishiwa nguvu, mwone daktari saa hiyohiyo, hata zamu haijaisha.

Mama yako