Shangazi, nimechakachua debe moja

*Shangazi, shikamoo. Nauza asali stesheni, hapa Tabora. Wenzangu wanachemsha sukari wanachanganya nusu kwa nusu, na mmoja ameshaezeka bati. Mimi nauza asali tupu na ada ya binti yangu wa chuo imenishinda. Juzi nikachanganya debe moja. Liko chini ya kitanda, roho inakataa kuliuza. Mume wangu anasema abiria wa treni hatumwoni tena, kosa liko wapi?*
*Mama Watatu*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na mumeo, maana hoja yake ina nguvu. Ni kweli, abiria ananunua dirishani, treni inaondoka, mmeachana. Lakini anashuka na chupa yake. Dada yangu aliwahi kuniletea moja ya hapo kwenu. Nilipoigusa, kifuniko kiliruka, povu likanimwagikia hadi kwenye kanga, harufu ya pombe tupu. Asali ikizidi maji huchacha, na sukari ya kuchemsha inaingia na maji yake. Muuzaji hatukumjua, basi tukawasusa wote. Miaka miwili hatukununua asali ya Tabora, Mama Watatu, na yako ilikuwemo.

Sisemi kila uongo ni dhambi. Jirani yangu alimficha mwanamke aliyekimbia kipigo; mume alipobisha hodi, akamjibu "hayupo" bila kupepesa macho. Hata mimi ningejibu hivyo hivyo. Yule alikuwa anamwokoa mtu. Wewe unachukua hela ya mtu aliyekuamini, pengine anakwenda kumpaka mamaye kidonda. Ada ya binti yako ni shida kweli, lakini si mteja huyo aliyeileta.

Sasa tuongee hela. Ukinunua kwa warina asali, pima. Debe la lita 20 la asali nzuri hufika kilo 28 hivi. Likipungua sana, ujue umeuziwa maji. Kila chupa tumbukiza kipande cha sega, mteja akione kwa macho yake. Habari za kuwasha njiti ya kiberiti iliyochovywa achana nazo, hazithibitishi kitu. Akilalamika asali imeganda, mwambie hata asali halisi huganda. Na makapi ya masega usitupe: chemsha, chuja kwa kitambaa, acha yapoe, nta itaelea juu. Inauzika.

Bati hutaezeka kwa hayo mwaka huu, sikudanganyi. Chuoni nenda mwenyewe, usimtume binti, ukaombe kulipa kwa awamu.

Lile debe la chini ya kitanda usilimwage. Mtafute mama anayepika wanzuki, ile pombe ya asali, mwambie wazi kwamba limetiwa sukari. Atacheka, halafu atakupa bei yake. Ichukue.