Masanduku ya Wairishi wa New York: Maswali Yenu

SWALI: Namhudumia mzee mmoja wa Woodlawn, Bronx, ambaye wazazi wake walitoka Ireland. Wanawe wameniomba nipange masanduku yake: picha, barua, kanda za kaseti na kadi za chama cha watu wa kaunti yao. Nianzie wapi? – Mama N., New York

JIBU: Anza na mzee mwenyewe, Mama N.; masanduku yatangoja. Muulize kwanza kama anaridhia kurekodiwa. Zima redio na kiyoyozi, weka simu karibu naye, kisha mwonyeshe picha moja moja kwa nusu saa hivi. Akichoka ataanza kubahatisha majina. Kila picha ipe namba na uitaje kwa sauti, la sivyo utabaki na rekodi ya “huyu shangazi, yule padri” na hakuna atakayejua huyu ni yupi. Ulizia mtaa, kazi, parokia ya hapa na ya kule Ireland.

Masanduku yenyewe usiyapange upya kwa mada, hata kama wanawe wanapenda hivyo. Piga picha kila sanduku lilivyo kabla ya kutoa kitu. Picha isiyo na tarehe ikikutwa kati ya barua mbili za 1931, hapo una pa kuanzia. Namba iandike nyuma, pembeni, kwa penseli laini ya 2B, picha ikiwa imelala kwenye meza ngumu. Karatasi za picha za kisasa zenye utelezi hazishiki penseli, kwa hiyo andika kwenye bahasha.

Albamu za gundi zilizofunikwa plastiki ndizo zenye taabu. Pitisha taratibu uzi wa kusafishia meno nyuma ya picha. Ikigoma, iache na uskani ukurasa mzima. Skani kwa nukta 600 kwa inchi, uhifadhi faili za TIFF, zisizopoteza ubora; JPEG, ambazo ni ndogo, ni za kuwatumia ndugu. Negativu (filamu zilizosafishiwa picha) zinazonuka siki zitenge siku hiyohiyo, maana mvuke wake huharibu nyingine. Kwenye kaseti, vunja vile vijino viwili vya mgongoni ili mtu asije akarekodi juu yake, kisha hamishia sauti kwenye kompyuta, katika faili za WAV zisizopunguza ubora wa sauti.

Weka nakala tatu, moja katika nyumba nyingine kabisa. Sababu ni hii: Five Points, mtaa wa Manhattan walikojazana Wairishi karne ya 19, ulichimbwa na wanaakiolojia mwaka 1991 na vitu takriban 850,000 vikapatikana. Vilihifadhiwa pamoja katika jengo la World Trade Center. Baada ya shambulio la Septemba 11, 2001 lililoangamiza jengo hilo, vilisalia 18 tu, vilivyokuwa vimeazimwa kwingine.

SWALI: Mume wangu anatafuta alikozaliwa babu wa babu yake, lakini sensa na hati za uraia zinasema “Ireland” basi. – Msomaji, Queens

JIBU: Hati za uraia za kabla ya 1906 kwa kawaida huishia hapo, na sensa ya Marekani ya 1890 karibu yote iliangamia kufuatia moto wa 1921. Jaribu vitabu vya wateja vya benki ya Emigrant Industrial Savings Bank, iliyoanzishwa New York mwaka 1850. Wateja wengi hawakujua kuandika, hivyo karani aliwauliza mambo ambayo tapeli asingeyajua: mahali pa kuzaliwa, wazazi, ndugu, meli na mwaka wa kufika. Vitabu hivyo viko New York Public Library. Mkishapata parokia, ingieni tovuti ya National Library of Ireland, ambako rejista za Kikatoliki hadi karibu 1880 zinasomwa bure. Nyingi ni za Kilatini, hivyo James huwa Jacobus na William huwa Gulielmus. Tafuteni jina la ukoo lenye O’ au Mc na lisilo nayo pia.

SWALI: Barua imechanika. Selotepu inafaa?

JIBU: Hapana. Gundi yake huwa kahawia, hupenya karatasi na kufifisha wino. Weka vipande ndani ya folda ya karatasi isiyo na asidi, au mpe fundi wa nyaraka ashikize kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na uji wa wanga wa ngano. Na laminesheni, yaani kuifunga ndani ya plastiki kwa joto? Hiyo ni mbaya zaidi, kwa sababu haitoki tena.