Sanduku la Wasomaji: Mahubiri, maigizo na dini ya jirani

SWALI: Ndugu mhariri, karibu na soko la Mwanjelwa kuna mihadhara ya dini karibu kila jioni. Mhubiri mmoja hutamka wazi kwamba imani ya wenzake ni ya uongo. Wapo wanaotaka akamatwe. Je, ametenda kosa?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Kwa maneno hayo peke yake, hapana. Ibara ya 19 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutangaza dini yake, na huwezi kutangaza dini yako bila kugusa ya mwenzako: anayesema Mungu hana mwana tayari amempinga anayesema anaye.

Kosa liko kwenye kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu, nacho kinadai kitu kimoja kigumu kuthibitisha, yaani kusudi. Lazima neno, sauti, ishara au kitu kilichowekwa mbele ya mtu kiwe kimekusudiwa kuumiza hisia zake za dini. Adhabu ni hadi mwaka mmoja jela. Mwaka 2000 huko Morogoro, Muislamu mmoja alishtakiwa kwa kutamka hadharani kwamba Yesu si mwana wa Mungu, akahukumiwa miezi 18, zaidi ya kifungu chenyewe kinavyoruhusu! Shauri hilo, Dibagula dhidi ya Jamhuri, lilifika Mahakama ya Rufani na hatia ikafutwa, kwa kuwa kusudi la kuumiza halikuthibitishwa. Msikilizaji kuumia ni jambo moja, msemaji kukusudia kumuumiza ni jingine.

Mhubiri naye asijisahau. Akielekeza spika kwenye mlango wa msikiti au kanisa wakati ibada inaendelea, suala si maoni tena; kuvuruga ibada kwa makusudi kuna kifungu chake, cha 126. Mkutano wa hadhara unahitaji taarifa ya maandishi kwa mkuu wa polisi wa eneo si chini ya saa 48 kabla, ikitaja mahali, muda na madhumuni. Spika zitazame watu waliokuja kusikiliza, na adhana ikianza, zizimwe mpaka iishe. Aseme "sisi tunaamini hivi, kitabu chetu kinasema hivi", kisha aache. Kuigiza sala ya wenzake kwa sauti ya pua, au kumfanyia mzaha Bikira Maria au Mtume, ndiko kunakompa mwendesha mashtaka ushahidi wa kusudi alioukosa.

Wanaolalamika wapeleke polisi maneno yenyewe, siku, saa na mashahidi wawili watatu. Rekodi iwe nzima. Kipande cha sekunde 20 kilichokatwa katikati ya hoja hakisaidii kitu. Na anayerusha jiwe ndiye atakayelala mahabusu.

SWALI: Kikundi chetu cha maigizo kinataka kuigiza kichekesho kuhusu "nabii" anayeuza mafuta ya upako. Tutafika wapi?
Vijana wa Iringa

JIBU: Mbali tu, mkimcheka kwa anachofanya: bei ya chupa, foleni ya wagonjwa, gari lake jipya. Msitumie jina, nembo wala vazi la kanisa linalojulikana hapo mjini. Biblia au msahafu usitupwe jukwaani hata kama hadithi inataka. Kuharibu au kunajisi kitu kitakatifu kwa nia ya kutukana dini kunaangukia kifungu cha 125. Badala ya kitabu chenyewe, tumieni daftari lenye jalada jeusi. Utani wetu wa makabila humvumilia Mhehe kutaniwa hata msibani, ila ukumbini nusu ya watu hawakuja kama watani wenu. Muswada mwonyesheni afisa utamaduni mapema, na mumuulize kuhusu kibali.

SWALI: Mwanachama wa kikoba chetu hutuma kwenye grupu video za kutukana dini ya wenzetu. Mimi ndiye admini. Nifanyeje?
Mama wa Makambako

JIBU: Mama, piga picha ya skrini kwanza, kisha ufute kwa wote. Mwandikie pembeni, siyo grupuni, maana hapo ataanza kujitetea na wengine watachukua pande. Akirudia, mtoe. Hisa zake kwenye kikoba zibaki palepale. Hilo ni la mkutano wenu na daftari, halihusiani na simu.